Kupima Unyevu wa Udongo kwa Kifaa cha Bei Nafuu: Fundi, Mkulima na Mzani

 

Lengo la mhadhara huu ni moja: kuonyesha kwamba kirekodi cha unyevu wa udongo, yaani kifaa kinachopima na kuhifadhi vipimo chenyewe usiku na mchana, kinaweza kuundwa hapa mkoani Iringa kwa fedha ambayo chama cha umwagiliaji kinaimudu. Lakini ugumu wa kazi hiyo hauko pale ambapo wengi wanadhani uko. Watu huogopa programu na saketi, ilhali hivyo fundi simu makini hujifunza upesi. Kinachoamua kama namba zitafaa kitu ni betri, maji yanayopenya ndani ya kopo, na mzani wa kupimia udongo uliokaushwa.

Zitafuata hoja tano. Hazilingani urefu. Ya pili na ya nne ndizo zitakazokula muda, na mwenye haja ya kutoka kidogo asubiri ya tano.

1. Shamba linahitaji kipimo chake lenyewe

Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Chini yake liko bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80, na mbele zaidi Kidatu, megawati 204. Ruaha Mdogo, unaopita kando ya mji huu wa Iringa, hujiunga na Ruaha Mkuu kabla ya maji kufika Mtera. Maji yanayoingizwa shambani bila kuhitajika yana wadai wengi huko chini.

Kuna satelaiti zinazopima unyevu wa udongo. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha SMAP tarehe 31 Januari 2015. Rada yake ikafa Julai mwaka uleule, lakini chombo chake cha pili kiliendelea na kazi. Kipimo cha chombo hicho ni wastani wa eneo lenye upana wa kilomita 36, na kinaona sentimita 5 za juu tu za udongo. Kwa mtabiri wa ukame hiyo ni hazina. Kwa mkulima wa nyanya mwenye robo eka haina msaada, kwa sababu mzizi wa nyanya unakunywa chini ya hapo, na ndani ya kilomita hizo 36 kuna milima, mto, barabara na mji mzima.

Ushahidi kwamba kipimo cha shambani kinabadili mwenendo wa mtu uko karibu. Katika skimu ya Kiwere, nje kidogo ya mji huu, wakulima walipewa kifaa kinachoitwa Chameleon, kilichobuniwa na Richard Stirzaker wa shirika la utafiti la Australia, CSIRO. Mradi uliowapa kifaa hicho, ulioanza mwaka 2013 na kushirikisha Chuo Kikuu Ardhi, ulifanya kazi Tanzania, Msumbiji na Zimbabwe. Vihisi huzikwa kwenye vina tofauti, na mkulima anapounganisha kisomeo anaona rangi: bluu udongo umelowa, kijani maji yanatosha, nyekundu mmea unahangaika. Hakuna asilimia wala desimali.

Kabla ya hapo maji yalifunguliwa kwa zamu. Zamu ikifika unamwagilia, udongo uwe umekauka au haujakauka. Rangi ya bluu iliyokataa kuondoka iliwaonyesha wengi kwamba walikuwa wanamwagilia mara nyingi kuliko haja, na kwamba maji ya ziada yalikuwa yanaisukuma naitrojeni ya mbolea chini ya mizizi. Walipoongeza siku kati ya mwagilio na mwagilio, mavuno hayakushuka, mbolea ilibaki mahali pake, na ugomvi kati ya wa juu na wa chini ya mfereji ukapungua. Wazee wa Kiwere waliopo hapa wanaijua habari hii kuliko mhadhiri yeyote. Watausahihisha mhadhara wakati wa maswali.

Basi, kwa nini kuunda kifaa kingine? Kwa sababu rangi inaeleza hali ya sasa hivi, pale mkulima alipo. Kirekodi kinaeleza yaliyotokea usiku, wiki iliyopita, na siku mbili baada ya mvua, wakati hakuna mtu shambani.

2. Umeme ndio bajeti ya kweli

Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, Massimo Banzi na wenzake walitoa bodi ndogo ya kufundishia wanafunzi wa usanifu, wakaiita Arduino, jina la baa waliyokuwa wakikutania. Michoro yake iliachwa wazi, yeyote akaruhusiwa kuinakili, na ndiyo maana leo bodi za aina hiyo zinapatikana Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, kwa bei ya chini sana. Moyo wa bodi iliyozoeleka zaidi ni chipu iitwayo ATmega328P. Ina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu, kiasi ambacho simu ya kitochi ingekicheka, lakini kwa kusoma kihisi mara moja kila saa inatosha na kubaki.

Mwanafunzi anayeanza hununua bodi kubwa ya Uno, anaunganisha kihisi, anaona namba zinapanda na kushuka kwenye kompyuta, anashangilia. Kisha anaipeleka shambani na betri moja ya lithiamu ya miliampia-saa 2,500. Bodi hiyo hunywa takriban miliampia 45 hata ikiwa imekaa bure. Gawanya: saa 55. Siku ya tatu asubuhi kifaa kimekufa.

Dawa yake ni usingizi. Chipu hiyohiyo ikiamriwa kulala hutumia maikroampia chache, yaani sehemu chache za elfu za miliampia moja. Ukitumia bodi ndogo isiyo na chipu ya USB, ukaongeza saa ya nje, memori kadi na kidhibiti cha volti, kifaa kizima kikilala kinaweza kushuka hadi karibu miliampia 0.2.

Mwenye kalamu ashike kalamu. Kifaa kinaamka mara moja kila saa kwa sekunde moja, na katika sekunde hiyo kinatumia miliampia 20. Kwa siku nzima kuamka huko kunagharimu miliampia-saa 0.13. Kulala kunagharimu 0.2 mara 24, yaani 4.8. Jumla ni kama 5 kwa siku, na betri ile ya 2,500 inafika siku 500 kwenye karatasi. Shambani itapungua kidogo, maana betri nayo hujimaliza polepole.

Angalieni namba hizo mbili tena. Usingizi ndio unaokula betri, mara zaidi ya 30 kuliko kazi yenyewe! Fundi anayejaribu kuokoa umeme kwa kupima kila saa mbili badala ya kila saa haokoi kitu cha maana. Anayeokoa ni yule anayeng'oa kile kitaa chekundu kinachowaka muda wote kwenye bodi. Kitaa cha miliampia 2 tu kinaongeza miliampia-saa 48 kwa siku, na siku 500 zinakuwa 47. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya pasi ya kulehemu ni kukiondoa kitaa. Ya pili ni kupitisha umeme wa kihisi kwenye mguu wa chipu, ili kihisi kipate umeme pale tu kinaposomwa.

Saa ya nje haikwepeki. Kipima-muda kilichomo ndani ya bodi kinaweza kupotea dakika kadhaa kwa siku, na baada ya mwezi haijulikani tena kama udongo ulilowa alfajiri au adhuhuri. Chipu ya DS3231 hupotea kama dakika moja kwa mwaka. Huuzwa ikiwa imelehemiwa kwenye kibodi, yaani bodi ndogo, chenye pia kumbukumbu ya kilobaiti 4. Kwa baiti mbili kila kipimo, na kipimo kimoja kila saa, kumbukumbu hiyo inabeba siku 85 bila memori kadi yoyote: msimu mzima wa vitunguu tangu kupandikiza hadi karibu na kuvuna. Tahadhari moja: vibodi vingi vya aina hiyo vina njia ya kuchaji betri ya kifungo. Anayeweka betri ya kifungo isiyochajiwa, ile ya kawaida ya dukani, akate njia hiyo kwanza, la sivyo betri inavimba na kuvuja.

Kuhusu betri zenyewe, mafundi wa Miyomboni, hapa mjini Iringa, wanajua kwamba betri ya kompyuta mpakato iliyokufa mara nyingi ina seli kadhaa ambazo bado ni nzima. Zitumike, lakini zipimwe moja moja, zichajiwe kwa kibodi chenye kinga, na isiwekwe kamwe seli iliyobonyea. Lithiamu huwaka.

3. Kihisi cha bei rahisi kina tabia zake

Aina rahisi kuliko zote ina vyuma viwili kama uma. Mkondo unapita katika udongo kutoka chuma kimoja hadi kingine, na udongo wenye maji zaidi hupitisha zaidi. Inafaa maonyesho ya shule, basi. Mkondo wa upande mmoja huozesha chuma ndani ya wiki chache, na chumvi ya mbolea hukidanganya kihisi: mwaga kiganja cha mbolea na kihisi kitasema mvua imenyesha.

Aina ya pili inapima jinsi udongo unavyoshikilia chaji ya umeme. Msingi wake ni tabia ya maji yenyewe. Kwa kipimo ambamo hewa ni 1 na chembe kavu za udongo ni kama 3 hadi 5, maji ni karibu 80, kwa hiyo tone kidogo likiongezeka kipimo kinaruka. Mwaka 1980 wanasayansi watatu wa Kanada, Topp, Davis na Annan, walichapisha mlinganyo unaounganisha namba hiyo na asilimia ya maji, na vifaa vingi vya kisasa vinatembea juu ya msingi huo. Toleo la bei rahisi ni ule ubao mweusi mwembamba uliojaa sokoni, unaouzwa kwa dola moja au mbili. Hauozi upesi, kwa sababu shaba yake imefunikwa. Lakini kingo zake zilizokatwa hazikufunikwa. Maji hupenya hapo, ubao unanyonya, na kipimo kinahama polepole hadi hakirudi. Kupaka kingo epoksi, au hata rangi ya kucha tabaka mbili tatu, kunarefusha maisha yake. Sehemu ya juu yenye vijichipu nayo izibwe kabisa.

Tena mnunuzi asome maandishi juu ya chipu iliyo kwenye ubao. Ikiwa imeandikwa TLC555 inafanya kazi kwa volti 3.3. Ikiwa ni NE555 inataka volti 4.5 kwenda juu, na kwenye kifaa cha betri itatoa takataka zinazofanana na vipimo.

Aina ya tatu ni ya zamani, na kwa maoni ya mhadhara huu ndiyo inayofaa wakulima wengi. Mwaka 1940 George Bouyoucos na A. H. Mick huko Michigan, Marekani, walieleza kihisi kilichotengenezwa kwa jasi, chenye nyaya mbili ndani. Jasi hunyonya maji hadi ilingane na udongo unaoizunguka, kisha ukinzani kati ya nyaya unapimwa. Vizazi vyake vya leo hutumia punje maalumu badala ya jasi tupu, navyo hueleza mvuto: mzizi unapaswa kunyonya kwa nguvu gani ili upate maji. Vinahitaji mkondo unaogeuka mwelekeo ili visioze, na chipu ndogo hufanya hivyo kwa kubadilishana miguu miwili, huu juu, ule chini, kisha kinyume chake.

Kopo la kubebea haya yote lisiwasumbue watu. Mradi wa Cave Pearl, wa Edward Mallon na Patricia Beddows, uliunda virekodi vya bodi hizihizi za bei ndogo na kuvizamisha kwenye mapango yenye maji ya Yucatán, Mexico, kwa zaidi ya mwaka mzima. Kasha lao ni vipande vya bomba la plastiki la maji, vile vinavyouzwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi. Kilichostahimili chini ya maji ya pango kitastahimili masika ya Iringa, ilimradi waya unapoingilia pazibwe vizuri na ndani kuwekwe kifuko cha kunyonya unyevu. Adui wa hapa ni wengine: jembe, panya na mchwa. Waya upitishwe ndani ya bomba na uzikwe chini ya kina cha jembe.

4. Mzani ndiye hakimu

Hapa ndipo miradi mingi ya vifaa vya bei nafuu inapofia, na mara nyingi inakufa bila wenyewe kujua, kwa sababu grafu zinaendelea kuchoreka vizuri.

Kihisi hakitoi asilimia ya maji. Kinatoa volti, na chipu inaigeuza volti kuwa namba kati ya 0 na 1,023. Kwa ubao ule mweusi namba hushuka maji yanapoongezeka. Namba 480 maana yake nini? Haina maana yoyote mpaka ilinganishwe na udongo wa shamba lilelile uliopimwa kwa njia isiyobishaniwa. Kazi hiyo ya kulinganisha, ambayo Shirika la Viwango Tanzania, TBS, huiita ugezi, inahitaji pete ya chuma, oveni na mzani.

Chukua pete yenye ujazo wa sentimita za ujazo 100. Igonge udongoni karibu na kihisi, itoe bila kumwaga, pima. Tuseme udongo ni gramu 150. Uweke katika oveni ya nyuzijoto 105 kwa saa 24, pima tena: gramu 125. Gramu 25 zilizopotea ni maji, na gramu moja ya maji ni sentimita ya ujazo moja, hivyo udongo ulikuwa na maji asilimia 25 ya ujazo wake. Ikiwa wakati huo kihisi kilisema 480, sasa kuna nukta moja yenye ukweli ndani yake. Rudia udongo ukiwa umekauka zaidi, na ukiwa umelowa zaidi. Nukta sita au nane zilizotawanyika kati ya ukavu na tope zinatosha kuchora mstari wa kihisi kile katika udongo ule.

Kihisi kile, udongo ule. Vihisi viwili vya boksi moja vinaweza kutofautiana, na mstari wa kichanga hauhamishiki kwenda kwenye mfinyanzi. Ndiyo maana fomula iliyonakiliwa mahali fulani haifai kitu hapa.

Hata asilimia ikiwa sahihi, kuna hatua nyingine. Asilimia 20 ya maji katika udongo wa kichanga ni shamba lililolowa vizuri. Asilimia hiyohiyo katika mfinyanzi mzito, mmea unaweza kuwa umeanza kunyauka, kwa sababu mfinyanzi unayashikilia maji kwa nguvu kuliko mzizi unavyoweza kuyavuta. Stirzaker aliikwepa taabu hiyo kwa kupima mvuto na kuugeuza rangi: kijani huishia karibu na kilopaskali 50, juu ya hapo ni nyekundu, udongo uwe wa aina gani. Kwa hiyo fundi aamue mapema kifaa chake kinamjibu nani. Mtafiti wa mizania ya maji anataka asilimia. Mkulima anataka kujua kama afungue maji kesho, na kwake kihisi cha mvuto kinaokoa kazi nyingi ya oveni, ingawa hakiiondoi yote.

Mwisho wa hoja hii, jicho la shaka. Vihisi vya bei rahisi huathiriwa na joto. Grafu inayoonyesha udongo unalowa kila siku saa nane mchana bila mvua wala mfereji inaeleza habari za jua. Mkulima ataigundua haraka kuliko mhandisi, kwa sababu mkulima alikuwepo. Kwa hiyo data zisomwe na wawili pamoja, kila wiki ya mwanzo, kabla hazijapelekwa kwa mtu mwingine.

5. Kutuma vipimo

Hoja fupi. Watu hupenda kuanza na intaneti, vipimo viruke hadi kwenye simu. Moduli ndogo ya simu kama SIM800L hudai mkondo wa kufika ampia 2 kwa kitambo kifupi inapotafuta mtandao, na betri iliyochoka inaanguka hapohapo. Vocha nazo mtu lazima azinunue. Redio za LoRa hutumia sehemu ndogo ya umeme huo na hufika kilomita kadhaa uwanda ukiwa wazi, lakini zinahitaji kituo cha kupokelea, na masafa yake yafuate taratibu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Msimu wa kwanza, memori kadi na mtu anayepita shambani kila Jumamosi vinatosha. Kutuma kutakuja baada ya kuaminika kinachotumwa.

Mbele ya safari

Vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Oregon State, Marekani, vilianzisha TAHMO kwa nia ya kuweka vituo 20,000 vya hali ya hewa vya gharama nafuu barani Afrika, vingi vikiwa kwenye shule. Mantiki yake inafaa kuazimwa: shule ina uzio, ina mlinzi, ina mwalimu wa fizikia, na ina vijana wanaotaka kushika kitu. Shule za sekondari zilizo kando ya skimu za Ruaha Mdogo zina hayo yote. Mzani wa maabara upo katika nyingi. Kinachokosekana mara nyingi ni oveni inayoshika nyuzijoto 105, na hiyo taasisi za kilimo za mkoa huu zinayo. Kuiomba siku moja kwa mwezi si jambo zito.

Pendekezo basi ni hili. Kiangazi kijacho, kila chama cha umwagiliaji kichague shamba moja tu, si kumi, na kirekodi kimoja chenye vihisi viwili, kimoja usawa wa mizizi na kingine chini yake. Fundi simu alehemu, wanafunzi wapime pete na mzani, mwenye shamba aandike kwenye daftari siku alizofungua maji. Msimu ukiisha, daftari na grafu viletwe mezani hapahapa na kulinganishwa mbele ya wote, pamoja na vifaa vilivyokufa, vikiwa vimefunguliwa ili ionekane vilikufa kwa nini. Walimu wenye mizani shuleni, tafadhali andikisheni kwa katibu majina ya shule zenu kabla hamjatoka.